Kiinua mgongo kimeishia kwenye msumeno wa moto

Watu wananiuliza kila siku, hasa vijana wanaopita na vespa zao wakasikia ule mngurumo, eti mzee umestaafu au ndo umeanza kazi? Nimestaafu bwana. Nlikuwa mtu wa maabara, umri wangu wote wa kazi nimekaa hapa Pemba na hadubini na vichupa vya damu za watu, nilipofika sitini nikapewa kiinua mgongo changu nikaambiwa ahsante. Sasa hapa kwetu njia za mstaafu zinajulikana, amalizie nyumba, aende Hija, afungue duka ambalo wajukuu watakula biskuti zake mpaka life, au anunue gari ya abiria ampe kijana aendeshe halafu wawe wanagombana kila jioni juu ya hesabu. Mie Hija alhamdulillah nshakwenda, nyumba ipo, duka sitaki, na ugomvi wa hesabu za gari nimeuona kwa wenzangu ukanitosha. Nikanunua msumeno wa moto mkubwa, ule wa injini na cheni, na fremu yake ya kupasulia mbao. Mke wangu hakusema kitu siku ile, na anaemjua anajua kunyamaza kwake kuna maana gani.

Sababu yenyewe ni hii. Pemba ina miti mikubwa majumbani na mashambani ambayo hakuna anaeihesabu kuwa ni mbao. Miembe, mifenesi, mishelisheli, mikungu, mizambarau, mingine watu wanne wakishikana mikono hawaizunguki. Tufani kubwa la Aprili 1872, lile lililoilaza mikarafuu na minazi ya Unguja, huku kwetu lilipita mbali, ndo Pemba ikaja kuwa shamba la karafuu kuliko Unguja, na mie siku zote nikiona mwembe mnene mno hujiuliza huu ulikuwepo siku zile au bado. Basi mti kama huo ukizeeka ukaanguka na upepo wa masika unajua unakwenda wapi? Unakatwa vipande ukapelekwa kwenye tanuri la chokaa, au mkaa, au kuni za bekari. Wiki hiyo hiyo mwenye shamba anakwenda dukani kununua mbao za paini zilizotoka Mufindi huko Bara, zimepanda lori, zimevuka bahari, zimelowa bandarini, na bado anazilipa bei ya kukaba roho, ili afanye meza. Na mti wa babu yake unaunguzwa kwa ajili ya chokaa. Hilo lilikuwa linaniudhi tangu nna miaka thelathini, ila nlikuwa sina wakati wala pesa ya kuudhika vizuri.

Niweke wazi mapema, mie sikati mti mzima. Nachukua uloanguka, ulokufa wima, au ule uloegemea nyumba ya mtu mpaka watu wanalala kwa dua. Miti mikubwa ndo wanalala popo wetu wale wakubwa, nendeni pale Kidike muwaone, na pia kivuli cha mwembe hakinunuliki. Mivule mikubwa kweli iko Ngezi, na Ngezi ni msitu wa hifadhi, unakwenda kuitazama unarudi nyumbani. Mkarafuu ndo usinitajie kabisa, una sheria yake peke yake, huukati bila ya ruhusa hata kama umeupanda kwa mkono wako.

Na hata huo uloanguka hauendi kuuvamia tu na msumeno. Misitu Zanzibar ina sheria yake, namba 10 ya mwaka 1996, kuna vibali, na msumeno wa moto wenyewe ni kitu kinachotazamwa kwa jicho kali, na kwa kweli ni sawa, maana mtu mmoja na mashine hii anaweza kumaliza bonde zima kabla ya adhuhuri. Kwa hiyo unaanza kwa sheha, yani kiongozi wa mtaa, unapata barua, unakwenda kwa watu wa Idara ya Misitu, wanakuja kuutazama mti, ndo unapewa karatasi yako. Usiwe na haraka. Mie nakwenda na chupa ya chai.

Lakini karatasi ndo sehemu rahisi, kazi iko kwa warithi. Mgeni hawezi kuelewa jambo hili, hapa kwetu ardhi inaweza kuwa ya mtu huyu na miti iliyo juu yake ikawa ya mtu mwengine, na mwembe mmoja ukawa wa warithi kumi na tatu kwa sababu alieupanda alikufa zamani, watoto wake wakafa, na mirathi haikuwahi kugawiwa ikamalizwa. Mwembe ukisimama hakuna anaeuliza ni wa nani, watoto wote wa kijiji wanaokota maembe. Subiri uanguke! Hapo utasikia yuko shangazi Mtambwe, yuko kaka yao Tanga, na yuko mmoja Maskati ambae hajafika huku tangu ujana wake ila anakumbuka sawasawa fungu lake ni ngapi. Linafunguliwa grupu la WhatsApp la mwembe. Mie nimetiwa kwenye magrupu ya namna hiyo, salamu asubuhi, dua za Ijumaa, picha za maua, halafu katikati ya maua anatokea mtu anauliza ile mbao itatoka vipande vingapi. Nilichojifunza ni kuwa simlipi mtu mmoja pesa ya gogo mkononi, natoa mbao badala ya pesa, nusu kwa nusu, na wao kwa wao wagawane kisheria, akitaka mwenye Maskati fungu lake liuzwe liuzwe. Mpaka wote waandike wameridhia, na iwe maandishi, sauti sikubali, cheni haizunguki.

Sasa tuje kwenye mashine maana najua wengi ndo mnachotaka.

Msumeno wa kukatia kuni haupasui gogo kubwa, utauua. Kukata gogo kwa kukingama ni kazi moja na kulichana kwa urefu ni kazi nyengine kabisa, injini inakaa kwenye nguvu zote dakika nyingi bila kupumua. Kwa gogo la upana wa futi tatu unataka injini ya sisi tisini (cc, yani ujazo wa injini) kwenda juu, kama Stihl MS 661 ambayo ni sisi 91, au Husqvarna 395 XP inayokaribia 94, na ile MS 880 ya sisi 121 ndo dume lenyewe ila uzito wake ubebe ukiwa na mgongo wa miaka ishirini na tano. Petroli inachanganywa na oili ya tuu stroki, hamsini kwa moja, yani lita tano za petroli mililita mia moja za oili, ipime usikisie, nyinyi mnaomimina kwa jicho ndo mnaojaza mafundi pesa. Bapa, yani ule upanga wa chuma unaozungukwa na cheni, liwe refu, na oili ya cheni iwe inatiririka kweli.

Cheni nayo sio ile ya dukani inayouzwa kwa kila mtu. Meno ya kawaida yamenolewa pembe ya digrii 25 hadi 30, yanakata nyuzi za mti kwa kuzikingama. Ya kupasulia yananolewa digrii kama 10 tu, karibu yawe mraba, kwa sababu unakwenda sambamba na nyuzi, yanakwenda polepole lakini uso wa mbao unatoka laini na msumeno hautikisiki. Kama hupati cheni ya namna hiyo chukua ya kawaida uinoe upya mwenyewe kwa tupa ya duara, kidogo kidogo, kila unaponoa unaipunguza pembe. Kunoa kwangu mie ni raha, nakaa barazani baada ya alasiri na jiriwa yangu, kila jino mikwaruzo sawa na mwenzake. Maabara inanifuata.

Halafu iko fremu, ya alumini, inabana bapa la msumeno mbele na nyuma na inakaa juu ya gogo kwa unene ulotaka, inchi moja, mbili, tatu. Wamarekani wanaiita Alaskan mill. Haina maajabu yoyote, ni reli mbili na bolti, fundi wa kuchomea mzuri ukimpa picha anakutengenezea. Ujanja wote uko kwenye mkato wa kwanza, kwa sababu gogo ni la mviringo na fremu inataka kitu kilichonyooka cha kutelezea. Unachukua ngazi ya alumini iliyonyooka, unaifunga juu ya gogo kwa skrubu na vipande vya mbao, unaisawazisha kwa pima maji kichwa na mkiani, ndo fremu inatembea juu ya ngazi. Ukishatoa lile ganda la juu basi uso ulobaki ndo njia ya mikato yote inayofuata, na kosa la ngazi litakufuata mpaka ubao wa mwisho, kwa hiyo kwenye ngazi chukua nusu ya siku ukitaka, mtu asikuharakishe.

Faida kubwa ya mtambo huu kuliko ile ya bendi, inayokata kwa ukanda mwembamba wa chuma wenye meno, kina Wood-Mizer na wenzake, ni kuwa unakwenda wewe kwenye gogo. Piga hesabu, gogo la kipenyo cha sentimita 90 na urefu wa mita mbili na nusu ni mita za ujazo moja na nusu na zaidi, na mti mbichi unakaribia uzito wa maji, hiyo ni tani moja na nusu iko bondeni kwenye mpunga au kwenye kilima cha Wete ambacho hata mbuzi anapanda kwa kufikiri. Crane iko wapi? Unaligeuza kwa mtaimbo na vijana wanne, unalitilia magogo madogo chini lisiguse udongo, ukiweza lielekee mteremko kidogo ili uzito wa msumeno wenyewe usaidie kuusukuma, unapasua pale pale. Kisha mbao zinatoka na gari la ng'ombe. Mwenye ng'ombe wangu anasema anaona raha kubeba mbao kuliko matofali, hazimkatikii njiani.

Hasara yake ni unga. Cheni inakula milimita nane mpaka tisa kila mkato, bendi inakula mbili au tatu tu. Ukipasua mbao za inchi moja, ambayo ni milimita 25, maana yake karibu robo ya gogo imegeuka vumbi, na hiyo ni israfu. Kwa hiyo mie sipasui inchi moja. Napasua mbili, mbili na nusu, tatu kwa mti mzuri, alietaka nyembamba ampelekee fundi mwenye mashine ya meza aichane tena ikishakauka. Wengine wananiambia mzee unatoa mbao nene kama mlango wa ngome, nawaambia ubao mnene unaweza kuupunguza, mwembamba huwezi kuuongeza.

Zamani wazee walipasua kwa msumeno wa watu wawili, gogo juu ya shimo, mmoja juu anashika mstari na mmoja chini analishwa unga wa mbao machoni. Nimewaona utotoni. Yule wa chini alikuwa anafunga kitambaa kichwani akawa haonekani ila meno. Mkato wao ulikuwa mwembamba kuliko wangu na hawakuunguza tone la petroli, sina la kuwashinda ila mbio.

Kabla hujawasha, tazama mti wa nyumbani umekula nini. Mti wa msituni ni msafi, mti wa uani umepigiliwa misumari ya kamba ya kuanikia, pembea za Idi, bango la mgombea wa uchaguzi ambae keshasahauliwa, na yote hayo mti umeyameza ukafunga ganda lake vizuri haonekani kitu. Jino likigonga chuma utasikia sauti ukajua. Mie napita na sumaku kali na kifaa kidogo cha kugundua chuma, na pia natazama kichwa cha gogo, kwenye miti yenye tanini kama mkungu chuma kinaacha doa la bluu nyeusi linalofuata nyuzi za mti, ukiliona hilo jua kuna msumari mbele yako. Miwani, viziba masikio, buti, na barakoa nzuri. Mwembe ni ukoo mmoja na mkorosho, utomvu wake unawasha na kuunguza ngozi, kuna watu wanavimba uso kwa unga wake tu. Mvule nao, nimewahi kupewa kipande kidogo, vumbi lake linakereketa koo na ndani yake mara nyengine mna mawe kweli, chokaa ngumu imejijenga ndani ya mti, inamaliza meno ya msumeno kwa sekunde. Na kuna adabu za kijiji, mwalimu wa chuo cha Qur-ani jirani na tulipokuwa tunapasua alituma mtoto kusema babu, maalim anasema nyamaza mpaka tumalize juzuu. Tukanyamaza. Tukanywa maji.

Ukichana, tia kabari nyuma ya msumeno kila baada ya futi mbili hivi, maana ubao wa juu unalala na kubana bapa. Na kile kiini cha katikati kabisa usikitamani, ubao wenye kiini ndani utapasuka hata uufanyie nini, kiache kwenye kipande kimoja kinene ukifanye nguzo au kuni.

Mfenesi ndo mti wangu. Ukiinua ganda la kwanza unakutana na njano ambayo hutarajii kwenye mti, njano ya manjano mabichi, na harufu tamu kidogo. Utomvu wake unagandisha cheni mpaka uisugue kwa mafuta ya taa, lakini utausamehe. Kwenye mwanga rangi inageuka taratibu, dhahabu, asali, halafu kahawia nzuri ya kiti cha zamani. Mfenesi na mvule ni ukoo mmoja, na mshelisheli pia, ndo maana mafundi wa milango ya Mji Mkongwe walikuwa wanautumia pamoja na msaji na mvule na hakuna aliewacheka. Huko Asia watawa wa Kibudha walikuwa wanachemsha vipande vidogo vya mti wa mfenesi kupata rangi ya kutilia nguo zao. Huku kwetu tunakula fenesi tunagombania kokwa, mti wenyewe tunauita kuni.

Mwembe ni habari nyengine, mzuri lakini hauna subira. Ukianguka leo usiuache mpaka mwezi ujao, kwenye joto na unyevu wetu ukungu unaingia kwa kichwa cha gogo ukachora mistari ya kijivu na bluu, na bungua anaingia nyuma yake. Mistari yenyewe wako wateja wanaipenda, ubao unatoka kama ramani, ila bungua hana mteja. Kwa hiyo mwembe naupasua upesi, siku ile ile mbao zinapakwa maji moto yalochanganywa boraksi na asidi ya boriki, zinaanikwa kivulini. Fundi wa samani wa Chake nilompelekea ubao wa mwanzo alinirudishia kwa adabu, mzee wangu hii ni kuni, mwembe haufanyi samani. Sikubishana nae. Nlimwachia pale kwenye kibanda chake, nikamwambia uutie randa siku ukikosa kazi. Alinipigia simu mwenyewe. Sasa ndo ananidai.

Hapa nifike kwenye jambo ambalo vijana wanaotazama YouTube hawalitaki kusikia. Kupasua ni tamasha, watu wanakusanyika wanarikodi, lakini mbao haijawa mbao siku ile. Ule ni mti mbichi ulokatwa bapa. Kazi ni kukausha, na kukausha hakuna cha kurikodi.

Wenzetu wa nchi za baridi wana kanuni, unene inchi moja mwaka mmoja. Hapa joto linaharakisha, unyevu unazuia, kanuni yao naichukulia kama salamu tu. Mie napima. Nakata kipande kidogo kutoka katikati ya ubao, sio mwishoni maana mwisho hukauka mwanzo, nakipima kwenye mizani, halafu nakitia kwenye oveni digrii 103 mpaka uzito usishuke tena. Chukua mfano kipande kina gramu 640 kibichi na 400 kikiwa kikavu kabisa, tofauti ni 240, gawa kwa 400, unyevu wake ulikuwa asilimia 60. Ukishajua hilo unapima ule ubao wenyewe kila wiki unajua umefika wapi bila kubahatisha. Oveni ni ya mke wangu, ya keki. Ndo siku aliposema yale aliyoyanyamazia tangu msumeno ulipoingia nyumbani, na keki iliyofuata watoto walisema ina ladha ya mlango. Sasa nna oveni yangu ndogo bandani.

Mpaka kufika kama asilimia 30 mti unapoteza maji tu haubadiliki umbo. Chini ya hapo ndo unaanza kusinyaa, na hausinyai sawa, kufuata mzunguko wa pete zake unasinyaa karibu mara mbili kuliko kutoka kiini kwenda ganda. Hapo ndo ubao unapokunjika, kingo zinanyanyuka kuelekea upande uliokuwa wa ganda. Sio uchawi na sio mbao mbaya. Ubao ulopasuliwa kupitia karibu na kiini, ambao pete zimesimama wima kwenye kichwa chake, unakaa umenyooka, ule wa juu karibu na ganda ndo unacheza. Kwa hiyo zile za katikati nazitia alama, ni za meza na milango, za pembeni ni za mabenchi na rafu.

Na kwetu haushuki chini upendavyo. Hewa ya Pemba ina maji, ubao ulokaa kivulini ukishafika asilimia 14 hadi 16 hapo umefika, unapumua na kaskazi na masika, unashuka kidogo unapanda kidogo, ndo makazi yake. Kwa nyumba za huku inatosha kabisa. Yule mrithi wa Maskati alitaka meza ya mwembe wa babu yake ipelekwe huko, nyumba ina kiyoyozi usiku na mchana, nikamwambia fundi asigandishe uso wa meza kwa gundi kwenye miguu, auachie nafasi ya kutembea, matundu ya skrubu yawe marefu, kwa sababu huko utakauka tena upungue upana. Ukiubana utajipasua wenyewe na mie nitalaumiwa kwenye grupu.

Upangaji ni rahisi kuelezea na mgumu kuusimamia. Msingi wa mawe au matofali, juu kidogo, mchwa wasipate njia bila kuonekana, kisha ubao, kisha fito kavu za inchi moja kila baada ya futi moja na nusu, kisha ubao, na fito zote zisimame mstari mmoja kutoka chini mpaka juu. Fito ikikaa kando ubao utakumbuka hilo kosa maisha. Vichwa vya mbao vinapakwa rangi ya mafuta au nta siku ile ile, maana maji yanatokea mwishoni upesi kuliko ubavuni na ndo mipasuko inapoanzia. Juu mawe mazito. Paa la makuti, bati linachoma. Banda langu limeelekea upepo lakini lina ukuta wa makuti upande wa kaskazi, kwa sababu miezi ile ya Disemba mpaka Februari upepo mkavu na jua ukiuachia mbao mbichi utasikia usiku zinapasuka kama bisi. Turubai usifunike, unafuga ukungu.

Watoto wangu wanauliza biashara inalipa? Bado hailipi, ukitoa petroli, cheni na chakula cha vijana kinabaki cha vocha. Lakini hakuna kinachotupwa. Mabanzi yanakwenda uzio na kuni, unga unakwenda kwa mwenye kuku. Matawi yaliyopinda, ambayo mwanzo nlikuwa sina hamu nayo, yana wateja wao, waunda vyombo wanakuja wenyewe wanayatazama kwa jicho moja wanaona mataruma ya mashua ndani yake, kuni unayoiona wewe mwenzio anaona ubavu wa chombo, na bei wanatoa nzuri bila ya kusumbua. Msikiti wetu umepata jeneza jipya la mfenesi, la zamani lilikuwa linawatia wabebaji wasiwasi. Na uko mlango wa jirani yangu ulotoka kwenye mbao zangu, nendeni muuone, msiniamini mie.

La mwisho, maana simu zinaingia sana juu ya minazi, minazi mizee isiyozaa iko kila pahala na watu wanataka kujua kama napasua. Napasua, lakini mnazi sio mti kama miti mengine, hauna kiini kigumu, ugumu wote uko nje karibu na ganda na chini karibu na shina, katikati ni laini kama nyama ya mkate na huo haufai kwa kubeba kitu. Kwa hiyo kwenye mnazi mzima unapata mbao chache za pembeni, nzuri, zenye vidoti vyeusi, na zinamaliza cheni haraka kuliko mti wowote nilougusa. Anaetaka aje na cheni yake mpya na petroli, nami ntatoa mashine na mgongo. Na barua ya sheha aje nayo mkononi, asiniambie iko njiani.